Asiyekuwepo na Lake Halipo: Safari Ndefu ya Habari za Majanichai ya Kericho na Bomet

Jumatatu, Februari 20, 2023, BBC ilipeperusha filamu ya uchunguzi iliyopigwa katika mashamba ya majanichai ya Kericho. Zaidi ya wanawake 70 walisimulia jinsi wasimamizi walivyodai ngono kabla ya kuwapa kazi au kuwaachia waendelee nayo, katika mashamba yaliyokuwa chini ya kampuni mbili kubwa zenye asili ya Uingereza, Unilever na James Finlay. Haukupita muda Bunge la Taifa jijini Nairobi likaagiza uchunguzi. Kampuni zikawasimamisha kazi waliotajwa.

Madai yenyewe hayakuwa mapya. Mwaka 2011, miaka kumi na miwili kabla ya filamu hiyo, shirika la utafiti la SOMO la Uholanzi lilichapisha ripoti kuhusu mashamba ya Unilever ya Kericho, ikitaja unyanyasaji wa kingono. Ripoti ikasomwa na wachache, ikajibiwa, ikawekwa kabatini. Kilichobadilika mwaka 2023 ni namna habari ilivyoandaliwa. Kulikuwa na mwandishi Mkenya, Tom Odula, na mwenzake wa kike aliyeingia kama mtafuta kazi akiwa amebeba kamera ya siri. Kulikuwa na muda wa kuwasikiliza wanawake mmoja mmoja, wanasheria wa kupitia kila neno, na jukwaa la kuonyesha kazi hiyo katika nchi ambako chai hunywewa. Yote hayo yaligharimu fedha, na fedha hizo hazikutoka Kericho.

Hapo ndipo ilipo historia inayostahili kusimuliwa. Maamuzi makubwa kuhusu majanichai ya Kericho na Bomet yamekuwa yakifanyika mbali: London, Mombasa, Karachi na sasa Colombo. Ripota anayeishia kwenye lango la shamba huona nusu ya habari. Ili aipate nusu ya pili anahitaji nauli, miezi kadhaa ya kufuatilia jambo moja, na mwenzake upande wa pili wa mpaka. Mipango ya ufadhili wa wanahabari ilibuniwa kwa ajili hiyo. Swali ambalo eneo hili limekuwa likijibiwa na wengine, kizazi baada ya kizazi, ni nani anayelipiwa safari na nani anayebaki nyumbani.

Ardhi ilipogawanywa

Tuanzie kwenye ardhi. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, serikali ya kikoloni ilitenga ekari 25,000 za nchi ya Wakipsigis karibu na Kericho kwa mpango wa makazi ya maafisa wa jeshi la Uingereza waliolemazwa vitani. Walitarajiwa kulima kitani. Bei ya kitani ikaporomoka mwanzoni mwa miaka ya 1920, mpango ukavunjika, na katikati ya mwongo huo wakaingia Brooke Bond na James Finlay na miche ya chai. Wenye ardhi walikuwa wamekwisha kusukumwa kwenye hifadhi, na wengi wao wakarudi mashambani kama vibarua.

Mwaka 1934 ikatungwa sheria mahususi ya kuwahamisha Walaiboni, yaani ukoo wa Talai, waliokuwa viongozi wa kiroho na ambao serikali iliwaona kuwa kitovu cha upinzani. Mamia ya watu, wazee kwa watoto, walipelekwa Gwassi kando ya Ziwa Victoria, mahali palipojaa mbung'o na malaria. Walirejea Kericho mwaka 1962, mwaka mmoja tu kabla ya uhuru, wakakuta ardhi yao imefunikwa na majanichai.

Nani aliandika habari hizo wakati zikitendeka? Gazeti kubwa la koloni, East African Standard, lilizaliwa Mombasa mwaka 1902 kwa jina la African Standard chini ya mfanyabiashara A. M. Jeevanjee, lakini muda si mrefu likauzwa kwa Wazungu, likahamia Nairobi na kuwa sauti ya walowezi. Wazungu wachache waliokataa kunyamaza walilipa gharama yake. Daktari wa serikali Norman Leys alipinga kuhamishwa kwa Wamaasai, akahamishiwa Nyasaland. Mwaka 1918 alimwandikia waziri wa makoloni barua ndefu kuhusu hali ya Afrika Mashariki, na mwaka 1924 kitabu chake, Kenya, kikatolewa London na Hogarth Press, jumba la uchapishaji la Leonard na Virginia Woolf. William McGregor Ross, aliyekuwa mkurugenzi wa ujenzi wa serikali, naye akachapisha Kenya from Within mwaka 1927.

Walifanya kazi ya heshima. Hata hivyo hawakuwa Wakipsigis, hawakuwa wakazi wa Kericho, na walichoandika kilisomwa Uingereza. Mwenye kuhamishwa hakupewa nafasi ya kueleza kuhamishwa kwake.

Sera za chai zenyewe zilipangwa kwa namna hiyo hiyo. Mwaka 1933 wazalishaji wakubwa wa wakati huo, India, Ceylon na makoloni ya Uholanzi ya Mashariki ya Mbali, walitia sahihi mkataba wa kupunguza chai sokoni ili bei ipande. Makoloni ya Afrika Mashariki nayo yakakubali kubana upanuzi wa mashamba. Mkulima Mwafrika alilazimika kusubiri hadi miaka ya 1950 ndipo zao hilo lifunguliwe kwake kwa mapana, na mwaka 1964 ndipo ilipoundwa KTDA ya kuwahudumia wakulima wadogo.

Mhariri aliyetumwa kwa michango

Kuna mfano mmoja wa zama hizo unaostahili kukumbukwa na kila mwandishi wa Kenya, ingawa haukutoka Kericho. Mei 1928 Jomo Kenyatta alianza kuhariri Muigwithania, gazeti la Kikuyu Central Association. Februari mwaka uliofuata alipanda meli Mombasa kwenda London kuwasilisha malalamiko ya ardhi. Chama chake kilikuwa kimepitisha michango kwa wanachama ili safari hiyo iwezekane. Machi 1930 barua yake ikachapishwa katika The Times, gazeti lililosomwa na watu waliokuwa na uwezo wa kubadili sera.

Alikwenda kama mjumbe wa chama, na hatuwezi kumwita ripota asiyeegemea upande. Lakini tazama utaratibu wenyewe: mhariri anayeandika kwa lugha ya watu wake, suala moja la sera, fedha zilizochangwa na wanaoguswa na suala hilo, na safari hadi mahali uamuzi unapofanyika. Watu maskini waliona kwamba habari yao haitafika London kama hakuna wa kuipeleka, wakatoa walichonacho. Waliomtuma ndio waliomdai majibu.

Wakipsigis wa miaka hiyo hawakuwa na gazeti wala mjumbe wa namna hiyo. Historia ya Gwassi ikabaki katika midomo ya wazee kwa miongo mingi.

Nairobi yawa darasa la Afrika

Ufadhili wa wanahabari kama tunavyoujua leo ulianzia Marekani. Agnes Wahl Nieman, mjane wa mwanzilishi wa gazeti la Milwaukee Journal, aliusia mali yake kwa Chuo Kikuu cha Harvard ili kuinua viwango vya uandishi, na mwaka 1938 Harvard ikawapokea wanahabari wa kwanza wa mpango wa Nieman. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 ukaanzishwa Mfuko wa Dag Hammarskjöld, uliowawezesha waandishi kutoka nchi zinazoendelea kufika New York na kuripoti vikao vya Umoja wa Mataifa. Mwaka 1983 Reuters Foundation ikafungua mpango wake Oxford.

Kwa Mwafrika, tiketi ya aina hiyo ilikuwa na bei nyingine isiyoandikwa kwenye fomu. Nathaniel Nakasa, mwandishi mahiri wa jarida la Drum la Afrika Kusini, alichaguliwa kwenda Harvard mwaka 1964. Serikali ya ubaguzi wa rangi ilimnyima pasipoti, ikampa kibali cha kutoka bila ruhusa ya kurudi. Alifariki New York Julai 1965 akiwa na umri wa miaka 28, na mabaki yake yakarejeshwa nyumbani mwaka 2014. Kisa chake ni onyo kwa kila mpango wa ufadhili: kumtoa mwandishi nje ya nchi ni nusu ya kazi, na kumhakikishia kwamba atarudi salama kuandika nyumbani ni nusu nyingine.

Nairobi nayo ilipata nafasi yake. Kati ya 1963 na 1968 Taasisi ya Kimataifa ya Habari, IPI, iliendesha hapa mafunzo ya miezi sita kwa waandishi wa Afrika wanaotumia Kiingereza, kwa fedha za Ford Foundation. Aliyeyaongoza mwanzoni ni Tom Hopkinson, aliyewahi kuhariri Picture Post jijini London na Drum jijini Johannesburg. Zaidi ya waandishi 300 walipitia mafunzo hayo, wakati nchi moja baada ya nyingine ikipata bendera yake na kuhitaji watu wa kuendesha magazeti na redio zake. Mwaka 1970 Chuo Kikuu cha Nairobi kikafungua shule yake ya uandishi wa habari.

Darasa hilo liliwaweka pamoja waandishi wa nchi mbalimbali za Afrika, wakajua majirani zao. Hilo lilikuwa faida kubwa. Lakini lilikuwa darasa la Kiingereza, la miji mikuu, na shabaha yake ilikuwa kujaza vyumba vya habari vya kitaifa. Shamba la majanichai halikuwa na dawati.

Mwana wa Kericho katika kiti cha UNESCO

Oktoba 1976 mkutano mkuu wa 19 wa UNESCO ulifunguliwa Nairobi, na aliyechaguliwa kuuongoza ni Taaitta Toweett, waziri wa elimu wa Kenya. Toweett alikuwa Mkipsigis wa nchi ya Kericho. Mwaka 1955 alipata ufadhili wa Baraza la Kaunti ya Kipsigis kwenda kusoma Uingereza, na katika maisha yake aliwahi kuhariri jarida la Kikipsigis, Ngalek ap Kipsigis. Alikuwa mtu aliyejua maana ya kuandika kwa lugha ya watu wasioandikwa na magazeti makubwa.

Mkutano aliouongoza ulitawaliwa na swali la habari. Nchi za Afrika, Asia na Amerika ya Kusini zililalamika kwamba mashirika machache ya Magharibi ndiyo yanayoamua dunia isikie nini kuhusu wao. Azimio kuhusu vyombo vya habari lilizua mvutano mkali kiasi kwamba liliahirishwa hadi kikao cha Paris cha mwaka 1978. Kutokana na mjadala wa Nairobi ikaundwa tume ya Seán MacBride wa Ireland, na ripoti yake ya mwaka 1980 ikataka nchi maskini ziwe na uwezo wa kujieleza zenyewe. Marekani ilijitoa UNESCO mwishoni mwa 1984, Uingereza ikafuata mwaka 1985, na suala hili lilikuwa mojawapo ya malalamiko yao.

Mjadala ule mara nyingi hukumbukwa kama vita vya serikali na serikali, na ni kweli kwamba tawala kadhaa ziliutumia kutetea udhibiti wa magazeti yao. Lakini kiini chake kilikuwa cha haki. Kama habari ya Kericho lazima ipitie London ndipo Nairobi iisikie, basi kuna kasoro katika mkondo wenyewe. Miaka 47 baada ya Toweett kugonga nyundo ya kikao kile, filamu ya BBC ilithibitisha kwamba kasoro hiyo bado ipo.

London, The Hague, Edinburgh, Strasbourg

Katika miaka ya karibuni kesi za nchi ya majanichai zimetapakaa Ulaya. Ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007 zilifika hadi ndani ya mashamba ya Unilever ya Kericho, ambako wafanyakazi waliotoka makabila mengine walivamiwa katika nyumba zao. Watu 218, wafanyakazi na jamaa zao, walikwenda mahakamani London wakisema kampuni mama ilikuwa na wajibu wa kuwalinda. Julai 2018 Mahakama ya Rufaa ya Uingereza ilikataa kesi yao, ikisema usalama wa mashamba ulikuwa mikononi mwa kampuni tanzu ya Kenya.

Ghasia hizo hizo ndizo zilizompeleka mtangazaji wa Kass FM, Joshua arap Sang, hadi Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, ICC, jijini The Hague akiwa mshtakiwa pamoja na mwanasiasa William Ruto. Aprili 2016 majaji waliisitisha kesi hiyo bila kumpata yeyote na hatia. Kwa miaka kadhaa maneno yaliyotangazwa kwa Kikalenjin yalitafsiriwa na kubishaniwa mbele ya majaji wa nchi nyingine. Kila mtangazaji wa redio za lugha za mama katika Bonde la Ufa alielewa kwamba studio yake haina tena ukuta.

Scotland nako, wachumaji wa majanichai walishtaki James Finlay (Kenya), kampuni iliyosajiliwa huko, wakidai kuumia mgongo na viungo kwa mizigo na mwendo wa kazi. Mwaka 2023 majaji wa rufaa wa Edinburgh waliisimamisha kesi ili kwanza utaratibu wa fidia wa Kenya utumike. Na ile dhuluma ya ardhi iliyoanza zamani za Leys imepata njia mpya: mwaka 2019 Tume ya Kitaifa ya Ardhi ya Kenya ilikubaliana na madai ya jamii za Kericho na Bomet, mwaka 2021 wataalamu wa haki za binadamu wa Umoja wa Mataifa wakaiandikia serikali ya Uingereza, na Agosti 2022 Wakipsigis na Watalai wakafungua malalamiko katika Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya, Strasbourg.

Hesabu miji hiyo, kisha fikiria mwandishi wa kaunti. Wengi wa waandishi hawa hulipwa kwa kila habari inayochapishwa. Asubuhi yuko kwenye mkutano wa gavana, mchana kwenye ajali ya barabarani Londiani, jioni anatuma picha kwa simu yake. Kesi ya Edinburgh humfikia kama taarifa ya shirika la habari la kigeni, ikiwa imekwisha kuchujwa kwa ajili ya msomaji wa Ulaya. Uwezo anao. Hana siku tatu za kukaa bila kuandika kitu, na mtu asiyeandika halipwi.

Mizani ya Litein na kikombe cha Karachi

Hasara ya utaratibu huu inaonekana vizuri zaidi kwa mkulima mdogo. Katika kituo cha kununulia majanichai karibu na Litein, mkulima humwaga majani yake mezani ili yakaguliwe. Yanayotakiwa ni majani mawili na chipukizi. Yaliyokomaa hutupwa kando. Karani hupima kwa mizani ya kielektroniki, kilo zikaandikwa kwa namba ya mkulima, naye akaondoka na risiti. Malipo ya kwanza huja kila mwezi. Hesabu kubwa, ile ya bonasi, husubiri mwisho wa mwaka wa fedha, na ndiyo inayolipa karo na kununua mabati.

Bonasi hiyo huamuliwa mbali na mizani. Chai ya Kenya, pamoja na ya Uganda, Rwanda na nchi nyingine za kanda, huuzwa katika mnada ulioanzia Nairobi mwaka 1956 na kuhamia Mombasa mwaka 1969. Julai 2021 kiliwekwa kiwango cha chini cha bei mnadani, dola 2.43 kwa kilo, kwa nia ya kumlinda mkulima. Wanunuzi wakaikwepa chai ya bei hiyo ambayo waliona haistahili, shehena zikalundikana katika maghala, na viwanda vya magharibi mwa Bonde la Ufa, ambavyo chai yake kwa kawaida hupata bei ya chini kuliko ya mashariki, vikaumia zaidi. Kiwango hicho kikaja kuondolewa mwaka 2024.

Wakati huo huo, mnunuzi mkuu wa chai ya Kenya alikuwa katika shida. Juni 2022 waziri wa mipango wa Pakistan, Ahsan Iqbal, aliwaomba wananchi wapunguze kikombe kimoja au viwili vya chai kwa siku, kwa sababu nchi ilikuwa inaishiwa na dola za kuagizia bidhaa. Ulimwengu ulisoma kauli hiyo kama kichekesho cha siku. Kwa mkulima wa Litein au Mogogosiek ilikuwa habari ya karo ya mwanawe. Machi 2025 Sudan nayo ilizuia bidhaa za Kenya kwa sababu za kisiasa, na soko jingine kubwa la majanichai likafungwa.

Sera ya dola ya Islamabad, kanuni ya mnada wa Mombasa na uamuzi wa serikali ya Sudan hukutana kwenye risiti moja ya kilo. Kuunganisha vitu hivyo vinne ni kazi ya mwandishi mwenye mwenzake Karachi, anayeelewa mnada, na anayeweza kurudi kituoni kuwaeleza wakulima kwa Kikipsigis au Kiswahili kilichopunguza bonasi yao. Asipokuwepo, nafasi yake huchukuliwa na mwanasiasa mwenye kipaza sauti, na mkurugenzi wa kiwanda hulaumiwa kwa kosa ambalo huenda lilifanyika ng'ambo ya bahari, au husamehewa kosa lake mwenyewe kwa kisingizio cha soko la dunia.

Kutoka Mau hadi Musoma

Si kwamba eneo letu halina mifano. Tangu mwaka 2015 BBC imetoa tuzo kwa jina la mtangazaji Komla Dumor wa Ghana, inayomweka mwandishi mmoja wa Afrika London kwa miezi mitatu. Nancy Kacungira wa Uganda alikuwa wa kwanza kuipata, na Wakenya Waihiga Mwaura na Victoria Rubadiri wakaipata mwaka 2018 na 2020. Ni heshima ya kweli, na walioipata wameitumikia taaluma. Lakini ni nafasi ya mtu mmoja kwa mwaka, naye hutokea kwenye studio kubwa.

Mfano ulio karibu zaidi na mahitaji ya Bomet ni InfoNile, mtandao wenye makao Uganda ulioasisiwa na Fredrick Mugira na Annika McGinnis. Huwapa waandishi wa nchi za bonde la Nile fedha ndogo na msaada wa kuchambua takwimu ili waandike pamoja kuhusu maji, wakivuka mipaka ya nchi zao. Bomet iko ndani ya bonde hilo. Mito ya Nyangores na Amala hushuka kutoka msitu wa Mau, huungana kuwa Mto Mara, hupita Maasai Mara na Serengeti, kisha huingia Ziwa Victoria karibu na Musoma, Tanzania. Kila Septemba 15 Kenya na Tanzania huadhimisha Siku ya Mara kwa sababu zote mbili hutegemea maji hayo.

Watu walipoondolewa Mau mwaka 2009, na tena mwaka 2018 na 2019, habari ya upande wa Kenya iliandikwa kama ugomvi wa vyama na makabila. Mvuvi na mfugaji wa mkoa wa Mara, Tanzania, hakuonekana ndani yake. Mwandishi wa Bomet akiandika na mwandishi wa Musoma, swali hugeuka kuwa: maji yakipungua, sheria za nchi mbili zinasema nini, na nani analipa? Waandishi hao wawili wana Kiswahili kwa pamoja. Hawahitaji mkalimani wala ndege, basi linatosha.

Nani ashike kalamu

Historia hii inanipa imani moja ninayoishikilia bila kuyumba: ufadhili wa wanahabari wa mambo ya mpakani lazima uanzie mahali sera inapouma. Wafadhili wa nje wamefanya mema mengi, nasi tuwashukuru. Lakini mwenye fedha huchagua mada. Wakitaka hali ya hewa, mwaka mzima ni hali ya hewa. Wakihamia uhamiaji, majanichai husahaulika. Na kazi ikikamilika hutoka kwa Kiingereza, huchapishwa London au Nairobi, na mwanamke aliyehatarisha kazi yake ili kusema ukweli huisikia kwa kusimuliwa.

Mpango wa Kericho na Bomet unaweza kuwa mdogo na bado ukafaa. Chuo Kikuu cha Kabianga kiko pale pale katikati ya majanichai, na kinaweza kuwa mlezi wa waandishi wanne au watano kwa mwaka. Vyama vya ushirika vya wakulima, vyama vya wafanyakazi, makanisa na wananchi walio ng'ambo wanaweza kuchangia mfuko wenye wadhamini huru, kwa sharti kwamba anayechangia hatasoma habari kabla haijachapishwa. Serikali za kaunti zikae kando na fedha hizo, kwa maana nazo ni sehemu ya habari. Kila kazi itoke kwa Kiswahili, na isomwe kwa Kikipsigis katika redio ambazo wachumaji husikiliza, zikiwemo Chamgei FM na Kitwek FM. Na kila mwandishi awe na wakili na mpango wa kuwalinda waliomwamini, kabla hajafungua daftari.

Kazi ya kwanza ya mpango huo inajulikana tayari. Mwishoni mwa 2023 mashamba ya Finlay ya Kericho yalipita mikononi mwa Browns Investments ya Sri Lanka, na Mei 2024 Lipton, iliyorithi mashamba ya Unilever, ikatangaza kuiuzia kampuni hiyo hiyo mashamba yake. Karne moja baada ya Brooke Bond na Finlay kuingia, ofisi ya mwenye shamba imehamia Colombo. Na Sri Lanka si ngeni kwa madai ya wachumaji: wafanyakazi wa huko, wengi wao Watamil wa nyanda za juu, walipigania kwa miaka ujira wa rupia 1,000 kwa siku, uliotangazwa rasmi mwaka 2021. Kuna waandishi wa Sri Lanka waliofuatilia mapambano hayo hatua kwa hatua, wanaojua jinsi kampuni hizi hujibu barua na mahali zinapoweka hesabu zake.

Katika mauzo hayo jamii ya Kericho na Bomet iliahidiwa hisa za asilimia 15 kupitia ushirika. Ahadi hiyo ina maswali yanayoweza kujibiwa. Hisa hizo zina thamani gani, zinalipiwa kwa fedha za nani, gawio litaanza lini, nani anakaa kwenye bodi, na mashine za kuchumia, zilizochomwa moto na waandamanaji Mei 2023, zitabakisha ajira ngapi? Nyaraka za majibu haya ziko katika ofisi za Nairobi na katika taarifa za kampuni Colombo. Mtumeni mwandishi wa Kericho akazisome, mmpe mwenzake wa Sri Lanka wa kuzisoma naye, na mdai aandike alichokiona kabla bonasi ijayo haijatangazwa.